Bendi ya Wimbo Mmoja na Hela ya Mkeka

Mara ya kwanza kuliona jina la Chumbawamba nilijua kabisa ni kikundi cha ngoma cha huku kwetu. Chumba, halafu wamba. Nikawaona wazee wamekaa uani wanawamba ngoma, ngozi imelowekwa, mmoja anaivuta huku na mwingine kule. Kumbe ni Wazungu wanane wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na jina lao si Kiswahili. Wenyewe wamewahi kusimulia kwamba mmoja wao aliota amesimama mbele ya choo cha umma, mlango mmoja umeandikwa "Chumba" na mwingine "Wamba", asijue wanaume wanaingia upi. Uamini usiamini.

Wimbo wao wengi mmeusikia hata kama jina hamlijui. Unaitwa "Tubthumping", ulitoka mwaka 1997. Mimi niliukuta kwenye gemu ya Kombe la Dunia 98 iliyokuwa ndani ya kompyuta ya mtumba ya kaka yangu, nyumbani Morogoro. Gemu inachelewa kufunguka, wimbo unapiga, na sisi tunaimba kwa nguvu maneno tusiyoyaelewa. Ni wimbo wa baa na wa uwanjani, wa mtu anayepigwa chini akanyanyuka. Ulifika namba 2 Uingereza na namba 6 Marekani, na Australia na New Zealand ukakaa namba moja. Wimbo uliofuata uligusa kumi bora kwao Uingereza, lakini Marekani hawakuonekana tena. Ndiyo maana kila orodha ya bendi za wimbo mmoja lazima utawakuta, wamebanwa katikati ya watu wengine waliong'aa mara moja wakazimika.

Naandika habari zao kwa sababu ya kikao kimoja, na kwa sababu kwenye kikao hicho mimi ndiye niliyewataja.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza, kamati ya burudani ilikaa kwenye vimbweta nyuma ya maktaba kujadili barua ya mdhamini. Ilikuwa kampuni ya kubeti, sitaitaja. Walikuwa tayari kutoa milioni sita. Walichotaka ni nembo yao kwenye fulana, bango jukwaani, na meza mlangoni ya kusajili namba za simu kabla mtu hajaingia. Dada mmoja wa mwaka wa tatu akapinga. Akasema jamani, nusu ya watu mnaowaona wanakula mihogo mitupu mwisho wa mwezi, bumu lao limekwenda na mkeka, halafu sisi tuwapeleke wadogo zetu wenyewe kwa mkono? Kimya kikatanda. Nikanyoosha mkono.

Nikawasimulia hivi. Mwaka 2002 General Motors ya Marekani ilitaka wimbo wa Chumbawamba kwa ajili ya tangazo la gari la Pontiac. Bendi ile ni ya watu wanaopinga makampuni makubwa. Wakachukua hela, takribani dola 100,000, kisha wakazigawa zote kwa Indymedia na CorpWatch, makundi ya wanaharakati, na hela ikaingia kwenye kampeni dhidi ya makampuni hayo hayo, General Motors ikiwemo. Mnaona? nikasema. Hela ya adui inaweza kufanya kazi ya rafiki. Tuchukue milioni sita, tatu ziende kwenye shoo, tatu ziende mfuko wa kusaidiana kwa wale ambao mkopo haujatoka. Nilipigiwa makofi. Dada yule hakupiga.

Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Ila niliwasimulia robo ya habari, na robo tatu zilizobaki ndizo zinazobadilisha mambo.

Bendi ilianza mwaka 1982. Wakakaa pamoja kwenye nyumba kubwa iliyotelekezwa mtaa wa Armley, Leeds, nyumba waliyoiingia bila kumlipa mtu kodi, wakila pamoja na kuamua mambo pamoja. Muziki wao ulikuwa panki, na kisiasa hawakuamini serikali wala mabosi. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walipogoma mwaka 1984 hadi 1985, wakipambana na serikali ya Margaret Thatcher iliyotaka kufunga migodi, Chumbawamba walipiga shoo za kuzichangia familia za wagomaji. Wakati huo umaarufu hawana na gari la kifahari hawana. Kuanzia hapo mpaka "Tubthumping" ni miaka mingi ya kuishi kwa kidogo. Muda huo naomba muuweke akilini, maana mimi kwenye kikao niliuruka.

Albamu yao ya kwanza inatuhusu sisi moja kwa moja. Julai 1985 lilifanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja, wasanii wakubwa wa dunia wakiimba kuchangia watu wenye njaa Ethiopia. Mwaka uliofuata hawa wakatoa albamu wakaiita *Pictures of Starving Children Sell Records*, yaani picha za watoto wenye njaa zinauza santuri. Walisema njaa ina sababu zake za kisiasa na za kiuchumi, na kwamba tamasha kama lile linamfanya msanii aonekane malaika, mtazamaji akalale amejiona mwema, na sababu zenyewe zikabaki pale pale. Sisemi fedha za Live Aid hazikumlisha mtu. Ila niliposoma jina la albamu ile nilicheka peke yangu chumbani mpaka jirani yangu wa kitanda cha juu akauliza kulikoni. Sisi ndio tuliokulia kwenye picha hizo. Wako darasani kwangu watu ambao shule yao ya msingi ilipigwa picha na wageni kuliko ilivyopata madawati. Na hawa walikuwa vijana wa Kizungu, wasio na kitu, wanaliona hilo mwaka 1986.

Sasa njoo kwenye EMI. Hiyo ilikuwa moja ya kampuni kubwa kabisa za muziki duniani, na kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya Thorn EMI, kampuni iliyojihusisha pia na vifaa vya kijeshi. Mwaka 1989 Chumbawamba walishiriki kwenye albamu ya bendi mbalimbali ambayo jina lake lenyewe lilikuwa tusi kwa EMI, tusi ambalo mhariri wa jarida hili hataniruhusu kulitafsiri. Miaka minane baadaye wakasaini mkataba. Na nani? Na EMI.

Hapo ndipo walipotukanwa na watu wao. Bendi nyingine za panki zikatoa santuri nzima ya kuwapinga, jina lake limechezea lile la albamu ya kwanza: badala ya picha za watoto wenye njaa, sasa kinachouza santuri ni unafiki wa mchana kweupe. Utetezi wa Chumbawamba ulikuwa kwamba EMI na Thorn walikuwa wametengana mwaka 1996, na kwamba kampuni yoyote ya muziki ni biashara, kubwa kwa ndogo, hakuna iliyo takatifu. Utetezi huo wa kwanza mimi naukubali nusu. Wa pili ni ule ambao kila mtu anautoa akishaona hundi. Niliutoa mimi pale kimbweta kwa maneno yangu: "kwani kuna mdhamini msafi?"

Lakini tazama walichofanya na nafasi ile. Februari 1998, kwenye tuzo za Brit, walipandisha wimbo wao jukwaani wakiwa wameuchomekea maneno kwamba chama cha Labour kimewauza makuli wa bandari ya Liverpool. Makuli wale, mamia, walikuwa wamefukuzwa kazi mwaka 1995 kwa kukataa kuvuka mstari wa wenzao waliokuwa wakigoma, na walikaa nje zaidi ya miaka miwili. Ukumbini alikuwepo John Prescott, naibu waziri mkuu wa Uingereza. Danbert Nobacon, mmoja wa waimbaji, akaenda mezani kwake akammwagia maji. Walipokwenda kwenye kipindi cha televisheni cha David Letterman, Marekani, wakapenyeza ndani ya wimbo wito wa kuachiwa Mumia Abu-Jamal, mfungwa aliyekuwa akisubiri kunyongwa. Na Alice Nutter alipoulizwa kwenye kipindi kingine, akasema mtu asiye na hela akaibe albamu yao kwenye maduka makubwa. Virgin wakaiondoa rafuni wakaiuza kutoka nyuma ya kaunta. Hebu fikiria msanii wetu yeyote aliyepata wimbo wake wa kwanza mkubwa akiyafanya hayo ndani ya miezi michache. Meneja wake angezimia.

Lazima niseme pia kwamba maji ya Prescott hayakumrudisha kuli hata mmoja kazini. Mgomo wa Liverpool ulimalizika mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1998 kwa makuli kukubali fidia. Prescott alikausha suti yake akaendelea kuwa naibu waziri mkuu. Na tangazo la Pontiac lilikwenda hewani kama kawaida, gari likatangazwa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na aliyekuwa na dola 100,000 za kutoa naye aliivuta ngozi. Haya nayo sikuyasema kwenye kikao.

Kubwa nililoliacha ni Nike. Kwa maelezo ya bendi wenyewe, mwaka 1998 Nike waliwapa dola milioni moja na nusu ili "Tubthumping" itumike kwenye tangazo la Kombe la Dunia. Wakakataa, na wanasema haikuwachukua hata dakika moja kuamua. Yaani zile 100,000 walizozipokea miaka minne baadaye, nyuma yake kuna 1,500,000 walizozirudisha. Ukisimulia Pontiac bila Nike umesimulia hadithi nyingine kabisa.

Kwa nini waliweza kukataa? Jibu langu ni ile nyumba ya Armley. Watu walioishi miaka kumi na mitano bila hela ya kampuni wanajua kwamba kesho yake jua litachomoza, wataamka, watapika, watapiga muziki. Walikuwa wanane, kila mtu anapata sawa na mwenzake, aliyeimba na aliyepuliza tarumbeta, na jambo linaamuliwa na wote. Mtu mmoja unaweza kumnunua. Wanane wanaogawana sawa na wanaoulizana, kazi kidogo. Kwa hiyo nadhani hela ya mtu unayempinga unaweza kuichukua, lakini kwa masharti magumu. Uwe unaweza kuishi bila hiyo. Waamuzi wawe wote itakaowagusa. Na kila mtu aione ilikokwenda. Chumbawamba waliwataja waliopewa hela ya Pontiac kwa majina, hadharani, ndiyo maana hata mimi wa huku, zaidi ya miaka ishirini baadaye, najua zilikwenda kwa nani.

Sasa niulize mimi zile milioni tatu zetu zilikwenda kwa nani.

Shoo ilifanyika. Ilikuwa nzuri, sikatai, DJ alitukesha. Fulana mia mbili zilitoka, nembo imejaa kifua kizima, jina la chuo dogo kwenye bega. Meza ya usajili ilikuwepo mlangoni na vijana wa kampuni wakiwapa mwaka wa kwanza "salio la kuanzia", yaani mtoto hajajua hata ukumbi wa mhadhara uko wapi tayari ana akaunti ya kubeti. Vyombo vya muziki vikazidi bajeti. Jenereta ikaongezwa. Usafiri wa msanii ukaongezwa, na chumba chake, na cha aliyekuja naye. Kwenye mfuko wa kusaidiana ikaingia laki nne. Niliuliza mara mbili kwenye kundi la kamati la WhatsApp. Mara ya kwanza nikajibiwa "Mheshimiwa taarifa inaandaliwa". Mara ya pili nikapewa kidole gumba. Sikuuliza ya tatu, na hilo ni kosa langu kwa sababu hoja ilikuwa yangu na makofi niliyapokea mimi.

Muhula wa pili jirani yangu wa kitanda cha juu, yule aliyeniuliza ninacheka nini, alipata bumu Jumatatu na kufika Alhamisi halipo. Alikuwa ameanzia pale mlangoni kwetu, na salio la kuanzia la elfu mbili. Hakunilaumu. Aliniomba buku la chipsi, nikampa, tukalala. Alipata sapu mbili, na hiyo nyingine siwezi kuifunga moja kwa moja na mkeka, mtu anaweza kupata sapu kwa njia nyingi. Lakini fulana yake ya shoo bado anaivaa, na kila akiivaa mimi naangalia pembeni.

Nikirudi kwa wazee wa Leeds: baada ya albamu iliyofuata kutouza waliachana na EMI, wakaanzisha lebo yao, wakaweka magitaa ya umeme pembeni, wakaimba nyimbo za zamani za wagomaji na waasi wa Kiingereza bila kelele. Walivunja bendi mwaka 2012, miaka thelathini tangu waanze. Na walikuwa wameshaacha kitu cha mwisho: santuri ndogo kuhusu Margaret Thatcher, iliyorekodiwa na kuuzwa kwa oda miaka kadhaa kabla, kwa makubaliano kwamba mnunuzi atatumiwa siku mama huyo akifariki. Alifariki Aprili 2013. Bendi haipo, lakini waliolipia wakatumiwa. Unaweza kuona si adabu kumngojea mtu afe, na mimi kwa malezi niliyopewa naona hivyo, ila ahadi ya hela za watu waliitimiza. Alice Nutter sasa anaandika tamthilia za televisheni. Boff Whalley anaongoza kwaya. Na wimbo wenyewe bado unagombewa. Machi 2024 naibu waziri mkuu wa New Zealand, Winston Peters, aliutumia kwenye mkutano wake wa kisiasa, na wanabendi wakajitokeza kumwambia aache, kwa sababu siasa zake siyo zao.

Hao ndio wanaoitwa bendi ya wimbo mmoja. Anayehesabu hivyo anahesabu kwa daftari la dukani, nyimbo ngapi ziliuza, basi. Miaka thelathini ya shoo za wagomaji haina safu kwenye daftari hilo. Na sisi tumeazima daftari hilo hilo. Taarifa ya kamati ya mwaka jana, ile fupi iliyosomwa bungeni, inasema usiku wa kukaribisha mwaka wa kwanza "ulifana kuliko miaka yote" na inataja idadi ya waliohudhuria. Mfuko wa kusaidiana haumo.

Jina la wimbo, kwa wasiojua, linatokana na neno la Kiingereza cha zamani la mhubiri au mwanasiasa anayesimama na kugonga pipa kwa ngumi ili watu wamsikilize. Mpiga pipa. Pale kimbweta mpiga pipa nilikuwa mimi, na niligonga vizuri.

Barua ya mdhamini wa mwaka huu imeshafika. Nimeiona. Ni kampuni nyingine, biashara ile ile, na safari hii wanatoa milioni nane, na meza mbili mlangoni badala ya moja. Kuna mwanakamati mpya amenifuata, mwaka wa pili, kijana mzuri tu, akaniambia, "Kaka, si ulisema wale Wazungu walichukua hela ya magari wakawasaidia watu?" Imekuwa methali ya kamati. Ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Bunge la wanafunzi linakaa Jumamosi saa nne asubuhi. Nitaleta hoja yenye vipengele viwili. Kwanza, kamati ya mwaka jana, nikiwemo, isome hesabu ya milioni sita mstari kwa mstari na stakabadhi zake, kabla barua ya mwaka huu haijajadiliwa. Pili, uamuzi wa kumpokea mdhamini huyu upigiwe kura na mwaka wa kwanza wenyewe, maana meza inawekwa mlangoni kwao. Wakikataa, shoo tuifanye kwa spika za ukumbi na DJ wa hosteli, tumeshawahi kufanya hivyo na hakuna aliyekufa. Wakikubali, nitakuwa nimeshindwa kwa kura na nitakaa chini. Zile stakabadhi nilizonazo mimi, za maji ya kunywa na za kukodi viti, nitakuja nazo. Ni laki moja na elfu themanini.

Kanuni zinataka wabunge kumi wa kuunga mkono ndipo hoja isomwe. Mpaka naandika hapa ninao wanne, na wa kwanza kusaini ni yule dada ambaye hakupiga makofi.